Muulize Fundi: Madoa meusi ya mashua yanayorudi kila ukiyasugua

Mwezi huu barua zimejaa za watu wa vyombo. Nadhani ni kwa sababu kaskazi iko mlangoni na kila mwenye mashua anataka ipendeze kabla wageni hawajaanza kumiminika. Nimechukua chache, ile ya kwanza nimeijibu kwa urefu maana naona wengi mna shida hiyo hiyo ila mnaiita majina tofauti.

Shikamoo Fundi. Mimi nina mashua ya tanga hapa Shela, Lamu, jioni nabeba wageni kuangalia jua linazama na asubuhi nawapeleka Manda Toto kuogelea na miwani. Chombo chenyewe kizima, hakivuji, shida ni zile mbao za ukingo wa juu na papi za pembeni, ni mvule, na kipande cha nyuma pale shetri ni msaji. Kila palipo na msumari pana doa jeusi, mengine yanateremka mpaka kwenye rangi nyeupe. Nimepiga Jik, nimepiga Omo na brashi ya waya, nimepiga msasa mpaka bega linauma, yanafifia wiki mbili alafu yanarudi pale pale. Sasa jamaa ananiambia nipake rangi nyeusi yaishe. Wewe wasemaje? – Nahodha, Shela

Marahaba nahodha. Rangi nyeusi iweke kando kwanza, na hiyo brashi ya waya itupe leo leo, ntakuambia kwa nini.

Hilo doa si uchafu, ndo maana sabuni haina habari nalo. Mvule na msaji zina tanini ndani yake, yale maji ya kahawia yanayotoka ukiloweka maganda ya mkoko, sasa msumari wa chuma ukishashika kutu kidogo tu, na ile chumvi ya bahari haiupi nafasi ya kupumzika, chuma kinaliwa polepole kinaingia kwenye mbao, kikikutana na tanini vinatoa rangi ya bluu iliyoiva mpaka ikawa nyeusi. Wino wa kuandikia uliotumika Ulaya kwa mamia ya miaka ulitengenezwa kwa vitu hivyo hivyo viwili, chuma na tanini, na waliupenda kwa sababu haufutiki. Kwa hiyo we siku zote hizo ulikuwa unafua wino kwa Omo.

Jik kazi yake ni kuvu. Kwa doa la chuma haisaidii, na ukiizidisha inakula zile nyuzi laini za mbao mpaka uso unaota manyoya, alafu uchafu unapata pa kujishika vizuri zaidi kuliko mwanzo. Brashi ya waya ni balaa kabisa. Kila unavyosugua inaacha vijipande vya chuma ambavyo jicho halivioni, umande wa usiku ukivipata vinashika kutu, asubuhi unakuta vidoa vipya mahali ambapo hata msumari hapana. Steelwool ni vile vile. Kwenye chombo cha baharini tumia brashi ya nailoni au ile sponji ya kijani ya kuoshea vyombo, basi.

Sasa kabla hujanunua dawa yoyote, fanya jaribio hili, maana si kila cheusi ni chuma. Kata ndimu, kamulia matone kwenye doa moja mahali pasipoonekana sana. Mbali na hapo, kwenye doa lingine, dondosha tone la Jik, na yasikutane hayo mawili hata kwa bahati mbaya. Subiri robo saa. Penye ndimu pakianza kufifia, ni chuma. Penye Jik pakifunguka, ni kuvu. Pasipobadilika popote, hapo una mafuta au lami, soma jibu la ndugu wa Nungwi huko chini. Kwa maelezo yako, nyeusi kuzunguka msumari na michirizi inayoteremka, naona ni chuma kabisa, lakini papi za pembeni huenda zina kuvu pia kwa sababu ya mafuta unayopaka, hukusema unapaka nini.

Dawa ya chuma kwenye mbao inaitwa asidi ya oksaliki, uliza kwa jina hilo hilo kwenye maduka ya kemikali Mombasa, au kwa watu wanaouza vifaa vya vanishi na fanicha, wao wanaijua kama dawa ya kung'arisha mbao. Ni unga mweupe. Weka gramu 50 mpaka 100 kwa lita moja ya maji ya vuguvugu, kwenye ndoo ya plastiki, si ya bati. Na maji yawe ya mvua au ya chupa kubwa ukiweza, kwa sababu maji ya visima vingi vya pwani yamepita kwenye mawe ya matumbawe yana chokaa, ukimwaga unga ule ndani unaona yanageuka meupe kama tui, ujue sehemu ya dawa imeshashikana na chokaa na haitafanya kazi. Maji ya bahari usijaribu kabisa.

Hii kitu ni sumu, nakuambia wazi. Ukiimeza inaharibu figo, vumbi lake linaunguza pua na macho, kwa hiyo glavu, miwani, na wakati wa kuchanganya unga funga barakoa na usimame upepo unapotokea. Usiihifadhi kwenye chupa ya soda hata kwa saa moja, watoto wa ufukweni wanaona chupa tu. Na jambo kubwa kuliko yote: isikutane na Jik. Asidi yoyote na Jik vinatoa gesi ya klorini, hiyo ni gesi waliyoitumia vitani. Kama uliipiga mashua Jik jana, leo ioshe kwa maji mengi, iache ikauke, oksaliki kesho.

Kazi yenyewe haina maajabu. Anza asubuhi mapema au alasiri, jua la saa saba linakausha dawa kabla haijaingia. Osha mbao kwa sabuni ya kawaida, sugua kukatisha nyuzi, usifuate nyuzi, maana ukifuata nyuzi brashi inachimba zile sehemu laini na mbao inabaki na mifereji. Mbao ikiwa bado na unyevu paka oksaliki kwa brashi kwenye ubao mzima kutoka kiungo mpaka kiungo, usipake kwenye doa peke yake, kwa sababu inang'arisha mbao yote na ukipaka doa tu utatoa duara jeusi uweke duara jeupe. Kwenye doa lenyewe weka kitambaa cha pamba kilicholoweshwa dawa ile, funika na karatasi ya nailoni kisikauke, dakika 15 au 20. Ukifunua utaona ile nyeusi imegeuka kahawia hafifu na kitambaa kimechukua rangi ya njano njano. Rudia kama bado. Doa la miaka linaweza kutaka mara mbili tatu.

Alafu suuza, suuza tena, hapo watu wengi wanafanya uvivu. Suuza ya kati weka kijiko cha magadi kwenye ndoo ya maji, magadi hayo hayo ya kunde, yanaua asidi iliyobaki, ila usiyakolezee, maana magadi mengi yanafanya mbao yenye tanini iwe nyeusi tena na utanilaumu mimi. Malizia na maji matupu. Maji machafu ya kazi yatie magadi kabla hujayamwaga, na usiyamwage kwenye vidimbwi vya maji yaliyobaki yakikupwa, kuna viumbe mle. Acha mbao ikauke siku mbili ndo upige msasa mwepesi, namba 120 au 150, na barakoa uso mzima maana ile oksaliki isiyosuuzwa vizuri inabaki kama chembe na unaivuta puani.

Sasa ndo tunafika kwenye sababu ya doa lako kurudi kila wiki mbili. Msumari bado uko pale pale unaoza. Unaweza kununua oksaliki gunia zima, msumari usipouangalia utakuwa unafanya kazi hiyo mpaka uzeeke. Toa ile sementi au puti iliyoziba kichwa, angalia: kama kichwa kimeliwa na mbao inayozunguka imelainika ukibonyeza kwa bisibisi, msumari huo umekufa, na mbao hapo imeanza kufa nao. Utoe, safisha tundu, weka mpya uliochovywa zinki ya moto, si ule wa kung'aa wa dukani uliopakwa zinki ya kudanganyia macho, huo zinki yake ni utando tu. Mafundi wanaofuata kazi ya zamani wanazungushia uzi wa pamba uliolowa mafuta chini ya kichwa kabla ya kugonga, maji yasipate njia ya kuteremkia kwenye msumari, na hilo nakushauri ulifanye, waulize waunda vyombo wa Matondoni watakuonyesha. Kichwa kizamishe ndani ya mbao, ziba. Kuna watakaokuambia weka misumari ya shaba. Shaba ni nzuri sana, ila usiichanganye na ya chuma kwenye ubao mmoja, kwenye maji ya chumvi shaba na chuma vikikaa jirani chuma ndo kinaliwa, kwa haraka kuliko kikiwa peke yake. Ama zote ama hakuna.

Kama msumari bado ni mzima na ni kichwa tu kilichoshika kutu, kwangua kutu, paka praima ya chuma, ziba upya. Inatosha.

La mwisho kwako, mafuta ya kupaka. Kama unapaka mafuta ya kitani yale ya kopo, au sifa, yani mafuta ya papa, huko juu kwenye ukingo, kuvu anakushukuru, kwa sababu hicho ni chakula chake, alafu jua linayafanya meusi. Deheni, ule mchanganyiko wa mafuta ya mnyama na chokaa, na sifa zina mahali pake chini ya maji na kwenye mbao za ndani, hapo sina ubishi na wazee, lakini ukingo ambao mgeni anaegemea na shati lake jeupe si mahali pake, hata harufu tu. Ukingo ama uache mtupu ugeuke kijivu, ambao kwa macho yangu ni rangi nzuri na haigharimu kitu, ama piga vanishi ya baharini yenye kinga ya jua, mkono wa kwanza uichanganye nusu kwa nusu na thina iingie ndani, alafu mikono mingine sita hivi, na kila mwaka kabla ya msimu unaongeza miwili. Vanishi nusunusu ya mikono miwili ni hasara, itapasuka, maji yataingia chini yake na utaona mistari myeusi ndani ya kioo ambayo huwezi kuigusa bila kuikwangua yote.

Habari Fundi, mi naangalia yoti ya fibaglasi ya mtu hapa Mtwapa, yeye yuko Ulaya anarudi Disemba. Mbele pale gubeti, juu kidogo ya usawa wa maji, imeota rangi ya kahawia kama masharubu, na chini ya vile vyuma vya kushikia kamba za pembeni kuna michirizi ya kutu, na alinihakikishia ni stenlesi. Nimesugua na Vim imekwaruzika na doa liko. Naogopa atanikata. – Mlinzi wa boti, Mtwapa

Nzuri kaka. Hayo masharubu umeyapata kwa mikoko. Mkono wa bahari kama Mtwapa una mikoko pande zote, maganda na majani yake yanatoa tanini kwenye maji, na boti iliyofungwa pale miezi bila kutembea inakunywa rangi hiyo kwenye jelikoti, yani lile ganda la nje la fibaglasi ambalo ukilitazama linaonekana gumu kama kioo lakini lina vinyweleo. Zamani maganda hayo yalisafirishwa kwa meli kutoka pwani yetu kwenda kutengenezea ngozi, kwa hiyo usishangae kwamba Vim imeshindwa. Vim acha kabisa, ile ina chembe za kukwaruza, kila mkwaruzo ni nyumba mpya ya doa.

Dawa ni ile ile oksaliki niliyomwambia nahodha, ila nyepesi zaidi, gramu 50 kwa lita zinatosha, na tahadhari zote zile zinakuhusu. Paka kwa sponji kuanzia chini kwenda juu, ukianzia juu inateremka mistari mistari, iache dakika 10, utaona inafifia yenyewe hata hujasugua. Suuza kwa maji baridi mengi. Wenye yoti wengine wanabeba unga wa Bar Keepers Friend, nao ndani una oksaliki, ukiuona kwenye kabati la boti utumie, ila uchanganye uwe uji na usisugue kwa nguvu.

Kutu ya stenlesi sasa. Stenlesi inashika kutu, hasa ile ya daraja la 304. Ya baharini ni 316, na hata hiyo ukiiziba isipate hewa, kama pale chini ya kitako chake palipo na silikoni iliyochoka na maji ya chumvi yamejificha, inaoza kwa siri na kutoa ule mchirizi. Loweka tishu kwenye dawa, bandika juu ya mchirizi, nusu saa, toa, suuza. Alafu mwambie bosi kwa simu kwamba vile vitako vinahitaji kufunguliwa na kuwekwa silikoni mpya, mpigie na picha, usingoje Disemba aone mwenyewe. Usitumie Jik kwenye stenlesi, na zile dawa za choo zenye asidi kali usizisogeze hapo, zinatoboa vitundu.

Mwisho wa yote paka waksi ya boti. Jelikoti iliyosafishwa bila waksi inakunywa mikoko upya ndani ya wiki chache.

Fundi, mimi mvuvi wa Nungwi, ngalawa yangu natembelea tanga lakini nina kiinjini kidogo pia, mafuta yamedondoka kwenye mbao yameingia, na damu ya samaki pia kila siku. Mke wangu anasema mbao zinanuka. – Wa Nungwi

Mkeo ana haki. Damu ni maji baridi tu, tena mara ile ile kabla haijakauka, ukitia maji ya moto unaipika ndani ya mbao. Iliyokauka weka haidrojeni peroksaidi ya famasi, ile ya asilimia 3, itachemka povu, futa.

Mafuta ya injini ukiyasugua kwa sabuni yanatembea tu. Yanatakiwa yanywewe. Saga chaki za shule ziwe unga, changanya na thina kidogo mpaka iwe uji mzito, bandika juu ya doa unene wa kidole, funika na nailoni usiku kucha, asubuhi funua iache ikauke kabisa, kisha kwangua kwa kipande cha mbao. Thina inayeyusha mafuta, na ikikauka mafuta yanapanda kwenye chaki. Utaona chaki imegeuka rangi. Rudia mpaka isigeuke. Sigara mbali, na kazi ifanyike ufukweni si ndani ya banda. Kisha tafuta kikopo kikae chini ya hiyo injini.

Assalam aleikum. Nina swali dogo: losheni za jua za wageni zinaacha alama za njano kwenye mito na ukingo mweupe, na zikifuliwa zinakuwa kama kutu. Ni kutu kweli? – Bi wa mashua, Kizimkazi

Waleikum salaam bibie. Ni kutu ya aina yake. Losheni nyingi zina kitu kinaitwa avobenzoni, kikikutana na chuma kilichomo kwenye maji ya kufulia kinatoa rangi ya machungwa. Jik inaizidishia, usiiguse. Kwanza ondoa yale mafuta kwa sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, bila maji, ipake doa kavu, iache nusu saa, suuza. Ikibaki njano, ndimu na chumvi, anika juani saa moja, suuza tena. Kwenye ukingo wa rangi nyeupe ndimu peke yake inatosha. Na wape wageni kanga za kukalia, wanazipenda, wengine watataka kuzinunua.

Fundi, zile shaba za kwenye chombo, za kufungia kamba, zimekuwa kijani na zinachuruzika kijani kwenye mbao. Brasso inaisha haraka na ni ghali. – Kijana wa Mji Mkongwe

Ukwaju, mdogo wangu. Loweka kidogo, upake na chumvi, dakika kumi, sugua kwa kitambaa, suuza kwa maji baridi. Ile asidi yake inayeyusha ukijani wote. Lakini ziba mbao ya pembeni kwa mkanda wa karatasi kwanza, kwa sababu yale maji ya kijani yakiingia kwenye mvule mtupu utaniandikia tena mwezi ujao. Shaba ikishang'aa ifute na waksi, chumvi ya hewani itachelewa kuishika, alafu ukiwa na nafasi fungua parafujo zake uangalie kama ni shaba kweli au mtu ameweka za chuma humo.